Afisa Aliyeacha Kazi na Bastola Chini ya Koti: Sheria ya LEOSA Inamlinda Hadi Wapi

Msomaji mmoja anayeishi Maryland, Marekani, ameuliza hivi: «Nilikuwa polisi wa mji mmoja jimboni Ohio kwa miaka 11. Miaka 3 iliyopita niliacha kazi kwa hiari yangu nikafungua biashara, kwa hiyo sikufikia pensheni. Siku ya kuagwa nilipewa beji yangu ikiwa ndani ya fremu ya kioo. Sasa nimehamia Maryland, na mara kwa mara naendesha gari kwenda New Jersey na New York kuwaona ndugu. Ningependa kubeba bastola yangu chini ya koti kama nilivyozoea. Wenzangu wa zamani wanasema polisi mstaafu anaruhusiwa nchi nzima. Wengine wanasema si mstaafu mimi, na kwamba nitakamatwa nikivuka tu daraja la Delaware. Desemba nakwenda Mombasa kumwona mama. Nishike la nani?»

Ndugu msomaji, kila upande umekwambia sehemu ya ukweli, na katika jambo hili anayeshika sehemu anaweza kujikuta kizimbani akijibu shtaka la kumiliki silaha bila kibali, shtaka ambalo New Jersey na New York huadhibu kwa kifungo cha miaka. Kwa maelezo uliyonipa, sifa za msingi unazo, lakini bado hujawa na ulinzi wa sheria wanayoizungumzia wenzako, kwa sababu ulinzi wenyewe hauanzii kwenye historia yako ya kazi. Unaanzia kwenye karatasi mbili unazopaswa kuwa nazo mfukoni siku hiyo hiyo unayobeba silaha. Nakusihi usiondoke nyumbani na bastola mpaka uwe nazo.

Sheria inayozungumzwa na wenzako ni ile inayojulikana kwa kifupi LEOSA (Law Enforcement Officers Safety Act, yaani Sheria ya Usalama wa Maafisa wa Kusimamia Sheria), ambayo askari wengi bado huiita HR 218 kwa namba ya muswada wake. Rais George W. Bush aliitia saini tarehe 22 Julai 2004. Imo katika Kitabu cha 18 cha sheria za shirikisho, kifungu cha 926B kwa walio kazini na 926C kwa walioacha kazi. Inachofanya ni kumwondolea afisa anayetimiza masharti yake katazo la kubeba silaha ya moto iliyofichwa, hata kama katazo hilo limewekwa na jimbo, kaunti au mji. Kumbuka maneno hayo, jimbo, kaunti na mji, kwa sababu sheria za shirikisho lenyewe hazikuguswa, na huko ndiko wengi wanakonaswa. Kumbuka pia kwamba kilicholindwa ni kubeba kwa kuficha. Ukiiweka bastola wazi kiunoni watu wakaiona, umerudi chini ya sheria ya jimbo ulilomo.

Sasa tuje kwenye ubishi kama wewe ni mstaafu au si mstaafu. Wanaokwambia hufai wanashikilia sheria ya zamani. Mwaka 2004 ilitakiwa afisa awe ametumikia miaka 15 na awe na haki ya mafao ya kustaafu isiyoweza kufutwa. Kongresi ilibadilisha yote mawili Oktoba 2010: miaka ikashushwa hadi 10, sharti la mafao likaondolewa, na neno la kustaafu likabadilishwa likawa kutengana na kazi katika hali njema. Miaka hiyo 10 ni jumla, si lazima yote iwe katika idara moja. Anayetenganishwa na kazi kwa ulemavu alioupata kazini hahitaji hata hiyo 10, mradi awe amemaliza kipindi cha majaribio na idara yake iwe imekiri kwamba ulemavu ulitokana na kazi. Wewe una 11, umeondoka kwa hiari, na hukunieleza kwamba ulikuwa chini ya uchunguzi wowote ulipoondoka. Nalitaja la uchunguzi kwa sababu sheria haikufafanua hali njema ni ipi, ikaiacha mikononi mwa idara iliyokuajiri, na mtu anayejiuzulu huku shauri lake la nidhamu halijaisha huwa amejiweka pabaya.

Kuna sharti jingine ambalo kwako ni jepesi ila kwa wasomaji waliofanya kazi magerezani ni zito. Sheria inamtaka mtu awe alikuwa na mamlaka ya kuzuia, kupeleleza au kushtaki uvunjaji wa sheria, au ya kuwashikilia wafungwa, na pamoja na hayo awe alikuwa na uwezo wa kukamata watu aliopewa kwa sheria. Polisi wa mji anao uwezo huo bila ubishi. Askari wa gereza ametajwa kwa upande wa kushikilia wafungwa, lakini uwezo wa kukamata hutegemea sheria ya jimbo lake, na mashauri kadhaa yamefika mahakamani kwa sababu hiyo. Aliyetoka magereza asijilinganishe nawe. Atafute kwanza kifungu kinachompa uwezo huo, akisome neno kwa neno. Askari polisi wa jeshini nao wameingizwa waziwazi kwa marekebisho yaliyotiwa saini Januari 2013.

Karatasi ya kwanza unayohitaji ni kitambulisho chenye picha, kilichotolewa na idara uliyotoka, kinachoonyesha kwamba uliajiriwa pale kama polisi au afisa wa kusimamia sheria. Beji uliyopewa siku ya kuagwa, hata iwe ya dhahabu, si kitambulisho hicho. Haina picha yako, na sheria haikuitaja mahali popote kuwa ni uthibitisho. Nasisitiza hili kwa sababu najua jinsi beji ile inavyothaminiwa na aliyeivaa miaka 11, na jinsi ilivyo rahisi kuitoa kwenye fremu na kuitia kwenye pochi kwa kudhani inatosha. Waandikie idara yako ya Ohio, kwa maandishi, ukiomba kitambulisho cha afisa aliyetengana na kazi kwa mujibu wa kifungu 926C. Taja tarehe ya kuanza na ya kuacha kazi, na weka nakala ya barua yako.

Je, wakikataa? Hapa nakupa jibu lisilopendeza. Sheria haikuiamuru idara kwa maneno ya wazi ikupe kitambulisho, na mahakama zimegawanyika kuhusu haki ya afisa kudai mambo haya kwa kesi. Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ya Kanda ya Nne, ambayo Maryland imo ndani yake, ilisema mwaka 2020 katika shauri la Carey dhidi ya Throwe kwamba LEOSA haimpi afisa haki anayoweza kuidai kwa kesi ya madai ya haki za kiraia. Kanda ya Washington, D.C. ilikuwa imeonyesha mwelekeo tofauti mwaka 2016 katika shauri la DuBerry. Kwa hiyo njia ya busara ni kuomba kwa upole na ukamilifu, ukiambatanisha uthibitisho wote, kabla ya kufikiria wakili. Wapo wakuu wa idara wanaokataa kwa kuogopa tu kwamba idara itabebeshwa lawama ukitumia silaha vibaya, na mara nyingine barua iliyoandikwa vizuri, inayoonyesha kwamba kitambulisho kinathibitisha ajira yako ya zamani na si tabia yako ya sasa, huwabadilisha mawazo.

Karatasi ya pili ni cheti cha mtihani wa shabaha, na hiki ndicho kinachowaangusha watu wengi ambao kila kitu kingine wanacho. Ni lazima ndani ya miezi 12 iliyopita uwe umefaulu kwa kipimo kile kile wanachopimwa maafisa walio kazini, na gharama ni zako mwenyewe. Unaweza kupimwa na idara yako ya zamani ya Ohio, ikiwa iko tayari, na kitambulisho chenyewe kikaandikwa hivyo. Usipopenda safari hiyo, unaweza kupimwa katika jimbo unaloishi, yaani Maryland na si Ohio tena, kwa kipimo cha jimbo, na cheti kikatolewa na jimbo au na mwalimu wa shabaha aliyethibitishwa kuwapima maafisa walio kazini ndani ya jimbo hilo. Mwalimu wa klabu ya shabaha anayefundisha raia, hata awe hodari namna gani, hafai kama hana uthibitisho huo. Mwulize kabla hujalipa.

Soma cheti chako mstari kwa mstari ukikabidhiwa. Kwanza, tarehe: ikiwa ulipimwa tarehe 14 Machi, basi mwakani tarehe 15 Machi huna ulinzi, hata kama umepanga kupimwa tena wiki inayofuata. Sheria haina siku za msamaha. Pili, aina ya silaha: cheti lazima kihusu aina ile ile unayobeba. Aliyepimwa kwa bastola ya magazini, yaani kasha la risasi linalochomekwa kwenye bastola, na kisha akabeba rivolva ndogo, bastola ya silinda inayozunguka, mfukoni kwa sababu ni nyepesi, amebeba kitu ambacho cheti chake hakikitaji. Kama unazo zote mbili na unapenda kubadilisha, pimwa kwa zote mbili siku moja na uhakikishe zote zimeandikwa. Mimi ningeongeza jambo ambalo sheria hailitaki: nakala ya cheti iachwe kwa mkeo au kwa mtu unayemwamini, maana ukikamatwa na karatasi zako zikachukuliwa, atakayekuhangaikia nje atahitaji kitu cha kumwonyesha wakili usiku huo huo.

Yapo pia masharti yanayohusu hali yako binafsi. Usiwe umeonekana na daktari wa idara kuwa hufai kwa sababu za afya ya akili, wala usiwe umesaini makubaliano ya kukiri hivyo wakati wa kuondoka. Usiwe mtu aliyekatazwa na sheria ya shirikisho kupokea silaha: aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa, aliyehukumiwa kwa kosa dogo la ukatili wa nyumbani, au aliye chini ya amri fulani za mahakama za kumlinda mwenzi. Na usiwe umelewa kitu chochote. Sheria haikuweka kipimo cha pombe kwenye damu kama ilivyo kwa madereva. Imesema tu usiwe chini ya athari ya kilevi au dawa ya kulevya. Kwa kuwa hakuna kipimo, ushauri wangu ni kwamba siku ya bastola isiwe siku ya bia hata moja, na kama daktari amekuandikia dawa kali ya maumivu, bastola ibaki kwenye sefu. Kuhusu bangi, hata pale ambapo jimbo limeiruhusu, sheria ya shirikisho ya silaha bado inamhesabu mtumiaji wake kuwa amekatazwa.

Sasa safari yako yenyewe. Kwa miaka mingi New Jersey ilishikilia kwamba mstaafu anayebeba silaha ndani ya jimbo lake lazima aombe kibali maalumu cha jimbo na kukihuisha kila mwaka, na kwamba hata akiwa nacho asibebe risasi za ncha wazi, zile zinazotanuka zikigonga mwili, ambazo polisi wenyewe hubeba kila siku. Maafisa wastaafu walilipeleka jambo hilo mahakamani, na Februari 2024 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tatu iliamua kwamba anayetimiza masharti ya LEOSA hawezi kudaiwa kibali hicho, na kwamba risasi za ncha wazi nazo zimelindwa, kwa sababu marekebisho ya 2010 yaliingiza risasi ndani ya maana ya silaha. Uamuzi huo unahusu New Jersey, Delaware na Pennsylvania, kwa hiyo daraja unalotishiwa nalo liko ndani ya mamlaka ya mahakama hiyo pande zote mbili. Hapo waliokutisha walikuwa wanazungumzia hali iliyokwisha, ila kwa mtu aliyetimiza masharti tu.

Magazini ni jambo tofauti. Sheria imetaja risasi, haikutaja magazini, na majimbo kadhaa, New York na New Jersey yakiwamo, yanakataza magazini inayobeba zaidi ya risasi 10. Usiwe wewe wa kulipima jambo hilo mahakamani kwa pesa zako. Nunua magazini za risasi 10 uzitumie katika safari zote za kaskazini.

Halafu kuna mahali ambapo LEOSA yenyewe imeyaachia majimbo nguvu zao. Jimbo linaweza kumruhusu mwenye mali binafsi akatae silaha kwake, na linaweza kukataza silaha katika majengo, maeneo na bustani zake au za serikali za mitaa. Ukikuta tangazo mlangoni mwa duka, ukumbi wa harusi au kanisa, au ukiambiwa na mwenye nyumba, usibishane naye kwa kumwonyesha karatasi zako. Ofisi za jimbo, mahakama za kaunti, vyuo vikuu vya umma na bustani za mji ziangalie kabla ya safari, maana kila jimbo lina utaratibu wake na hubadilika.

Kwa upande wa shirikisho, ulinzi haupo kabisa. Majengo ya serikali ya shirikisho yamekatazwa chini ya kifungu cha 930. Kanuni za posta zinakataza silaha hata kwenye eneo la kuegesha magari la posta, kwa hiyo usipitie kutuma kifurushi ukiwa nayo kwenye gari. Kwa kuwa uko karibu na Washington, D.C., jua pia kwamba eneo la Bunge lina katazo lake chini ya sheria ya shirikisho.

Hatari inayosahauliwa kuliko zote ni shule. Sheria ya shirikisho, kifungu cha 922(q), inakataza kuwa na silaha ndani ya futi 1,000 za uwanja wa shule, yaani takribani mita 305, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 5. LEOSA haikumwondoa afisa aliyeacha kazi katika katazo hilo. Ukitazama ramani ya mji wowote wa New Jersey na kuchora duara la mita 305 kuzunguka kila shule, utaona kwamba ni vigumu kupita mjini bila kuingia katika mojawapo. Wanaoondolewa ni pamoja na aliye kwenye mali binafsi isiyo sehemu ya shule, aliyefungia silaha isiyo na risasi ndani ya kasha lenye kufuli, na mwenye leseni ya jimbo lile lile ilipo shule, mradi sheria ya jimbo hilo iwatake maafisa wahakikishe sifa za mwombaji kabla ya kumpa. Ndiyo maana nakushauri uombe kibali cha Maryland cha kubeba bastola hata kama una karatasi za LEOSA: kitakusaidia karibu na shule za Maryland. Hakitakusaidia karibu na shule za New Jersey. Najua mashtaka ya namna hii dhidi ya maafisa wa zamani si ya kila siku, lakini ungeniuliza kama sheria inakulinda ningelazimika kukujibu kwamba hapana.

Ukisimamishwa barabarani na polisi, weka mikono juu ya usukani, na kabla ya kufungua kitu chochote sema kwa sauti tulivu kwamba wewe ni afisa wa zamani, umebeba bastola, iko upande gani wa mwili, na kitambulisho kiko mfuko gani. Subiri uelekezwe. Yapo majimbo yanayomlazimisha mwenye silaha kusema na yapo yasiyomlazimisha. Wewe sema kila mahali. Ujue kwamba askari wa doria huenda hajawahi kuisoma LEOSA, na kwamba ulinzi wake wakati mwingine hufanya kazi baada ya mtu kukamatwa. Mwaka 2008 mahakama ya kaunti ya Orange, New York, ilifuta shtaka la bastola dhidi ya askari wa Walinzi wa Pwani wa Marekani kwa sababu ya sheria hii hii, lakini alikuwa ameshakamatwa na kushtakiwa. Kwa hiyo usishindane kando ya barabara. Toa karatasi, kubali maelekezo, na shauri lisemwe na wakili. Wala usisahau kwamba sheria imekupa ruhusa ya kubeba tu, haikukurudishia uaskari. Ukiona wizi dukani, huna mamlaka ya kukamata kuliko raia mwingine yeyote, na ukifyatua risasi utapimwa kwa sheria ya kujitetea ya jimbo ulilomo.

Mpaka karatasi zako zikamilike, ukihitaji kuhamisha bastola yako kutoka jimbo moja hadi jingine, ipo njia ya kifungu cha 926A, ambayo ni ya kila raia: iondolewe risasi, ifungwe, na iwekwe mahali pasipofikika kutoka kwenye viti, kama buti ya gari. Njia hii inakulinda tu ikiwa unakotoka na unakokwenda unaruhusiwa kuwa nayo na kuibeba, kwa hiyo si njia ya kuipeleka kwa ndugu zako New York ikae huko.

Kuhusu Mombasa, bastola ibaki Maryland. LEOSA haivuki mpaka wa Marekani. Ukienda hata Kanada upande wa pili wa Niagara, haipo tena. Kenya ina Sheria yake ya Silaha, Sura ya 114, na kuwa na bastola bila cheti cha huko ni kosa la jinai bila kujali ulikuwa polisi wapi. Ndani ya ndege nako sheria hii haikupi ruhusa ya kubeba: hata kwa safari ya ndani ya Marekani, afisa wa zamani husafirisha silaha kwenye mzigo unaokabidhiwa, ikiwa haina risasi, ndani ya kasha gumu lenye kufuli, na baada ya kuitaja kwenye dawati la shirika la ndege. Kabla hujaelekea uwanjani, toa kila kitu kwenye begi la mkononi na upapase mifuko ya ndani kwa vidole, maana magazini iliyosahaulika au risasi moja iliyobaki pembeni tangu siku ya shabaha itakuletea matatizo Marekani kwenye ukaguzi, na ikipita hapo, itakuletea matatizo makubwa zaidi ukishuka uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa.